Ukuta wa Mboni, au Kwa Nini Mmea Hautembei

Hadithi ina mlango.

Mkisema "ufungue" nitaufungua, mkinyamaza tutamenya vitunguu kimya kimya mpaka shughuli hii iishe na bwana harusi aondoke na mkewe. Haya, nimesikia. Tunu, wewe uliyeniuliza, sogea na sinia lako, na kisu usikielekeze kwa mwenzio. Umeuliza kwa nini kitunguu ukikikata kinalia kwachu, na karoti ukiivunja inalia ka, ilhali ile nyama ya mbuzi iliyomo kwenye beseni ukiikata haisemi neno. Swali ni la kitoto lakini jibu lake si la kitoto. Ndani yake kuna vifo na kuna ndugu wawili walioachana, kwa hiyo anayetaka vichekesho aende akakae na wale wanaokuna nazi.

Hapo kale, kabla ya jani la kwanza na kabla ya mbuzi wa kulila jani hilo, kulikuwa na dimbwi. Lilikuwa pana, la vuguvugu, na maji yake yalikuwa na chumvi kidogo, chumvi ya machozi. Humo waliishi watu wadogo. Nikisema wadogo siwasemi watoto. Chukua punje moja ya ufuta uwapange juu yake, utachoka kupanga na nafasi itabaki. Siku hizi wasomi wanawaita seli na wanawachora ubaoni. Mimi nitawaita watu wa dimbwi, maana ndivyo alivyowaita aliyenisimulia.

Mtu wa dimbwi alikuwa ni mtu na nyumba yake papo hapo. Nje alizungukwa na utando laini, mwembamba kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Utando huo ndio uliokuwa ngozi, na ndio uliokuwa mlango. Ulijua nani aingie na nani abaki nje. Ndani mlijaa ute, na katikati ya ute alikaa mzee mmoja aitwaye Kiini. Kila nyumba ilikuwa na Mzee Kiini wake. Hakutoka nje hata siku moja, lakini bila yeye halikufanyika jambo, kwa sababu ndiye aliyehifadhi maneno yote ya ukoo: namna ya kutengeneza utando, namna ya kuziba jeraha, namna ya kuzaa. Walikuwamo pia wasagaji, waliokaa kwenye vifuko vyao wakisubiri chakula kiingie wakisage. Na walikuwamo wapishi, ambao kazi yao ilikuwa kukichukua kilichosagwa na kukigeuza kuwa nguvu. Wasomi wanawaita mitokondria. Wapishi hao hawalali. Hata sasa hivi wamo ndani yako, Tunu, wanachochea.

Watu wa dimbwi walikuwa na desturi mbili kubwa. Ya kwanza ni kukumbatia. Hawakuwa na mikono wala midomo. Mtu akiona chakula alijinyoosha, akakizunguka kwa mwili wake mzima, kikawa ndani. Na akimwona ndugu yake alijinyoosha vivyo hivyo, utando kwa utando, wakatulia hivyo kwa muda. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Desturi ya pili ishikeni vizuri, maana ndiyo iliyoleta msiba: maji hayafungiwi mlango. Maji ndiyo yaliyowalea. Maji yakibisha hufunguliwa, yakitaka kutoka husindikizwa. Kuyazuia maji mlangoni ilikuwa aibu kuliko wizi, na kila Mzee Kiini alilihifadhi neno hilo juu ya maneno mengine yote.

Basi walikuwapo ndugu wawili wa kike, Mboni na Siwema. Walikuwa pacha, lakini si pacha kama wa huku kwetu. Kule dimbwini mama hazai akabaki. Wakati wake ukifika, Mzee Kiini huyarudia maneno yote ya ukoo mpaka yawe mara mbili, kisha mama hujibana katikati, na aliyekuwa mmoja huwa wawili. Kwa hiyo Mboni na Siwema hawakuwa na mama wa kumkimbilia wala kaburi la kulizuru. Mama yao alikuwa ni wao wenyewe, nusu huku na nusu kule. Kila mmoja akimkumbatia mwenziwe alihisi amemkumbatia mama, na ndiyo maana walipendana mpaka majirani wakachoka kuwasema.

Kwa tabia hawakufanana hata kidogo. Siwema alikuwa mtu wa kuzurura. Asubuhi yuko huku, jioni utamsikia upande wa pili wa dimbwi, amekula hiki, amecheka na yule. Mboni alikuwa mtulivu, mwenye kuwaza sana na kuweka akiba. "Pacha wangu," Siwema alimtania, "ipo siku utaganda hapo hapo ulipo." Mboni alicheka tu. Alijua kwamba Siwema hata aende wapi, jua likitua atarudi kulala ubavuni pake.

Siku moja njaa ilimbana Mboni, akakumbatia kidudu cha kijani kilichokuwa kinaelea karibu na uso wa maji. Kilipokuwa ndani tayari, na wasagaji wameshaanza kukisogelea, kikasema kwa upole, "Dada, ukinila utashiba leo. Ukiniweka penye mwanga nitakupikia kila siku." Mboni alikuwa na njaa, lakini moyo wake ulisita. Akawazuia wasagaji, akampa mgeni nafasi kando ya utando, mahali jua linapofika. Na kweli, jua lilipotoka mgeni alichukua maji, akachukua na ile hewa iliyochoka ambayo wenye uhai wote huitoa, akapika sukari. Ikaliwa ikabaki. Wageni wakazaana humo ndani wakawa kadhaa, kijani kitupu. Majirani walimcheka Mboni kwa kulea chakula badala ya kukila, naye akaendelea kuihifadhi sukari yake.

Kisha zikaja mvua.

Sizungumzii manyunyu. Zilinyesha milimani usiku na mchana, na maji matamu yasiyo na chembe ya chumvi yakamiminika dimbwini. Mwanzoni watu walifurahi kupata maji mapya. Sasa maji yana tabia moja, na nyie mnaopika mnaijua. Kata bilinganya, inyunyizie chumvi, uiache kidogo. Utaona maji yanatoka yanaifuata. Maji huifuata chumvi ilipo. Na chumvi ya dimbwi sasa ilikuwa imebaki wapi? Imebaki ndani ya watu. Nje kumekuwa kutamu, ndani mna chumvi ya zamani, basi maji yakaja mlangoni kwa wingi usio na kifani, yakabisha, na watu wakafanya walivyofundishwa. Wakafungua.

Jirani yao alikuwa mama mmoja mtu mzima, Bi Havijawa, aliyeheshimiwa kwa kuijua mila. Mboni alimkuta amevimba, utando wake umevutika mpaka unang'aa.

"Shangazi," Mboni alisema kwa adabu, "si upumzike kidogo kufungua?"

"Mwanangu, tangu lini maji yakafungiwa mlango? Nimelelewa na maji. Nitayaaibisha vipi mbele ya watu?"

Akayakaribisha tena. Mboni alikuwa bado anatafuta neno la kumjibu alipouona ule utando unakuwa mwembamba zaidi, halafu haupo. Hapakuwa na kelele. Ute wa Bi Havijawa ulitawanyika, wapishi wake wakaelea bila kazi, na Mzee Kiini wake akatoka nje kwa mara ya kwanza maishani mwake, na maneno yote ya ukoo ule yakayeyukia dimbwini. Mboni alibaki pale pale, akiwa na hofu asiyoweza kuisema.

Wakafuata wengine. Kila alipogeuka, mtu aliyekuwapo hayupo. Naye alianza kuusikia utando wake ukikaza, pande zote kwa pamoja, na hapakuwa na namna ya kukaa iliyompa nafuu. Tena hakuwa peke yake. Wakati wake wa kuzaa ulikuwa umefika. Mzee Kiini alishaanza kuyarudia maneno ili yawe mara mbili. Angepasuka sasa, ukoo mzima ungepasuka naye. Na ubavuni pake alikuwa Siwema, aliyekatiza matembezi yake na kurudi mbio, amevimba na amenyamaza, jambo ambalo hakulizoea. Mboni alitaka mawili tu katika dunia ile: mabinti zake wazaliwe, na asiachane na pacha wake.

Mgeni wa kijani ndiye aliyeleta shauri. Nyie mmewahi kupika kashata, mnajua sukari ikiiva ukiivuta huwa nyuzi. Mgeni akasema sukari iliyowekwa akiba ingetosha kuvutwa nyuzi nyingi, na nyuzi hizo zingeweza kusukwa nje ya utando, mshono juu ya mshono kama ukili wa mkeka, mpaka uwe ukuta. Maji yatapita kwenye matundu, hayatazuiwa. Yatajaa mpaka yausukume ukuta, nao utayasukuma, na hapo yatajionea yenyewe kwamba nyumba imejaa. Nyumba haitapasuka tena.

"Lakini mjue na bei yake," mgeni aliendelea. "Aliye ndani ya ukuta hawezi kujinyoosha. Hawezi kwenda popote, na hawezi kukumbatia chakula. Atakula ninachopika mimi, basi."

Mboni aliipata maana ya maneno yale upesi kuliko alivyotaka. Ukuta usingemfaa Siwema, kwa kuwa Siwema hakuwa na mgeni wa kijani. Wangemjengea, maji yasingemuua, lakini njaa ingemuua. "Sitaanza hata uzi mmoja," alisema, "mpaka pacha wangu apate mpishi wake." Akamwomba mgeni mmoja kati ya wale wadogo akubali kuhama. Wakakumbatiana, utando kwa utando, Mboni akamsukuma mgeni taratibu kuelekea upande wa pili. Maji yalikuwa yanaingia wakati wote huo, na mlangoni kwa Mboni yalikuwa hayabishi tena, yanapita tu.

Siwema alimpokea mgeni. Alikusudia kuwaambia wasagaji wake wamwache, na neno lilikuwa njiani. Lakini nyumba ya Siwema haikuzoea kulea chakula. Tangu azaliwe, kilichoingia kilisagwa, na siku zile za mvua alikuwa hajala. Neno lilipofika, wasagaji walikwisha kumaliza.

"Pacha," Siwema alisema, "nimemla."

Mboni hakumgombeza. Aliwageukia wageni wake kuomba mwingine, nao wakajisogeza mbali naye, wakabana upande mmoja wa nyumba. Yule mkubwa wao akasema kwamba nyumba iliyomla mgeni haipelekewi mgeni wa pili, na katika hilo hakuna dimbwi lisilokubali. Mboni akaona haki iko kwao. Akasema, "Basi ukuta usijengwe. Tulitoka kwa mmoja, tutapasuka pamoja."

Hapo Siwema alikasirika kwelikweli. Alikuwa mtu wa mzaha, hasira yake hakuna aliyekuwa ameiona. "Usinitwishe kifo chako, Mboni. Nimemla mgeni kwa uroho wangu, huo ni mzigo wangu na nitaubeba. Lakini wewe una wana humo ndani. Ukipasuka kwa ajili yangu, mama amekufa ndani yako, na mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Jenga."

Kujenga nako kulitaka ruhusa. Uzi hauvutwi bila neno la Mzee Kiini, na Mzee Kiini alikataa katakata. Neno la ukuta hakulipokea kwa waliomtangulia. Alichopokea ni kwamba maji hayafungiwi mlango, na hakuzeeka mpaka pale ili aje awe wa kwanza kuvunja mila. Mboni alikuwa anaumia kila sehemu, lakini na mzee huongei naye kwa pupa. Akamwambia, "Babu, sijasema nitayafungia. Matundu nitayaacha wazi, yapite. Na nikishajengewa ukuta nitayapa chumba katikati ya nyumba, kikubwa kuliko vyote, yakae kwa heshima. Bi Havijawa aliyakaribisha mahali asipokuwa na nafasi, na leo hayupo wa kuyakaribisha tena."

"Kikubwa kuliko changu?" aliuliza mzee.

"Kikubwa kuliko chako, babu. Nisamehe."

 Nje, upande wa kushoto, nyumba nyingine ilipasuka, na maneno ya ukoo wake yakapita mbele yao yakiyeyuka. Mzee aliyaona. Akasema polepole, "Nitalipokea. Lakini mimi nikishalipokea neno, silitoi. Wanao watazaliwa ndani ya ukuta, na wana wa wanao, mpaka mwisho wa vizazi. Hakuna kati yao atakayejinyoosha kumkumbatia mtu. Umelifikiri hilo?"

Mboni hakuwa amelifikiri, na muda wa kulifikiri haukuwapo. Akasema ndiyo.

Sukari ikaanza kuvutwa. Nyuzi za kwanza zilitoka nje ya utando, nyembamba, za mng'ao, wakaanza kuzisuka. Lakini kusuka ni kazi ya subira na maji hayakuwa na subira. Mboni alikuwa amefika pale alipofika Bi Havijawa. Utando wake ulianza kung'aa. Akajua hawatauwahi ukuta. Akamwita pacha wake, si kuomba msaada, bali asiwe peke yake itakapotokea.

 Siwema alijinyoosha kuliko alivyowahi kujinyoosha kwa chakula chochote, akamzunguka Mboni pande zote, akambana. Akawa yeye ndiye ukuta. Pale utando wa Mboni ulipotaka kuachia, utando wa Siwema ulikuwa umeshikilia kutoka nje. Naye alikuwa amevimba vile vile, na maji yalikuwa yanamwingia vile vile. "Suka," alisema. "Usizungumze na mimi. Suka."

Mboni akasuka. Na hapa, jamani, ndipo aliposimama aliyenisimulia mimi, akamenya vitunguu viwili vizima kabla ya kuendelea. Kwa maana nyuzi zilipita kati yao. Ukuta ulijengwa nje ya utando wa Mboni na ndani ya kumbatio la Siwema. Kila mstari uliosukwa ulikuwa ni mahali ambapo pacha hawagusani tena. Mboni alianza kwa chini, na chini akaacha kumsikia. Akasuka ubavuni, na ubavu ule ambao Siwema amelala kila siku tangu wazaliwe ukanyamaza. Alitaka kuacha. Kila alipotaka kuacha, Siwema alimbana zaidi.

Katika kule kumbana kukatokea jambo. Siwema, kwa kujikamua kwa nguvu zote, aliona maji yaliyokuwa yanamjaa yanajikusanya kwenye kifuko kidogo, na kifuko kikasogea mpaka kwenye utando, kikayamwaga nje. Akashangaa. Akakamua tena, kifuko kikajaa tena, kikamwaga. Mzee Kiini wa Siwema alitaka kulalamika, Siwema akamwambia, "Babu, si mila yasema maji yakitoka yasindikizwe? Nayasindikiza." Mzee akalipokea neno. Ilikuwa kazi ya kuchosha mno. Wapishi walichochea mpaka chakula kikaanza kuisha ndani, lakini Siwema hakupasuka.

Ukuta ulipobaki na tundu moja juu, Mboni alisita. Kupitia tundu lile utando wake na wa pacha wake ulikuwa bado unagusana, mahali padogo sana.

"Utakula nini?" Mboni aliuliza.

"Sijui. Kule kuyatoa maji kunakula nguvu. Itabidi nizunguke nitafute, kutwa nzima. Kwani kuzunguka si ndiyo kazi yangu?" Alijaribu kucheka. "Nitakachokosa ni pa kurudi."

"Pa kurudi papo," alisema Mboni. "Mimi ndiyo siendi popote tena. Ukiwa na njaa, njoo hapa nilipo. Sukari itakuwapo. Ukihitaji hewa safi, wageni wangu wakipika huitoa, itakuwapo. Na ukiniuma sitakimbia, Siwema. Umenishika mimi nisipasuke. Ukija na njaa, nile."

 Siwema alikaa pale penye tundu mpaka uzi wa mwisho ulipopita.

Maji yakaingia nyumbani kwa Mboni, yakausukuma ukuta, nao ukayasukuma, yakasimama. Mboni akatimiza ahadi. Akayapa maji chumba kikubwa katikati, na Mzee Kiini, maskini, akasukumwa kando mpaka akabanwa ukutani na manung'uniko yake yote. Kisha wakati ukatimia, Mboni akagawanyika. Lakini ndani ya ukuta huwezi kujibana katikati ukaachana na mwenzio. Mabinti wawili walizaliwa wameshikana, na ilibidi ukuta mpya ujengwe kati yao. Walipofika kwenye uzi wa mwisho walikataa kuuweka. Walikuwa na maneno yote ya mama yao, na walilijua lile tundu la mwisho. Wakaacha vitundu kati ya nyumba na nyumba, ili ndugu apitishe chakula na neno kwa ndugu.

Siwema naye aligawanyika, na wanawe wakatawanyika kwenda huku na huku, laini, wepesi, wenye njaa. Vyumba vyao vya maji vilikuwa vidogo vidogo, na mzee wao alibaki kukaa katikati kwa raha zake. Dimbwi lao la zamani hawakuliacha. Walilibeba ndani, na chumvi yake yote.

Na tangu siku hiyo, kila kilicho cha ukoo wa Mboni kimejengwa kwa nyumba zenye kuta: mchicha, mwembe, mtama, na hicho kitunguu. Kinasimama pale kilipoota, kinapika kwa jua, na usipokimwagilia chumba chake cha maji kinapungua, kuta zinakosa wa kuzisukuma, nacho kinanyauka. Na kila kilicho cha ukoo wa Siwema kimejengwa kwa nyumba zenye utando mtupu: mbuzi, samaki, nzi huyu anayetusumbua, na mimi na wewe. Hatuna ukuta wala mgeni wa kijani. Tunazunguka kutwa, tukiona njaa tunarudi kule kule kwa Mboni, naye hajawahi kukimbia hata mara moja.

Kwa hiyo, Tunu, ukikata nyama kisu hakikutani na ukuta, kinapita kimya. Ukikata kitunguu, kile kwachu ni kuta za Mboni zinavunjika, maelfu kwa pigo moja. Na hebu tazamaneni usoni, nyote hapa. Jifute kwanza kwa upindo wa khanga, halafu onja. Ni chumvi, siyo? Ndiyo maji ya lile dimbwi, tuliyoyabeba kwa Siwema. Kila anayemfikia pacha wake na kuukata ule ukuta lazima yamtoke, apende asipende. Kuna watakaokwambia ni ukali wa kitunguu tu, na wao wana yao, usibishane nao.

Mlango nimeufunga, tundu nimeliacha. Lete sinia lingine.